Kuna mafuta Kitui na Makueni? Kabla hujatoa pesa, liulize jiwe

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinipigia simu akiwa na haraka. "Mjomba, kuna ekari tano zauzwa Makueni, upande wa Kibwezi. Dalali asema zikifika mwezi ujao hazipatikani." Nikamuuliza kwa nini aache biashara yake Mwembe Tayari akanunue shamba la ukame. Akanitumia video. Kisima kifupi, maji yametulia, na juu yake utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Sauti ya mtu inasema: haya ni mafuta, Bonde la Ufa liko hapa karibu, na Turkana walianza hivi hivi.

Uvumi kama huu si mgeni. Tangu Turkana kupatikane mafuta mwaka 2012, kila kaunti iliyo na kilima cha volkano au kisima chenye harufu imekuwa na dalali wake. Mimi si mwanajiolojia, lakini habari za mafuta na makaa ya mawe nimezifuatilia kwa miaka, kwa sababu Lamu yetu iliguswa nazo. Nimeona niandike hapa yale niliyomwambia mpwa wangu, ili na wengine wenye akiba ya halali wasiitupe shimoni.

Mafuta hukaa wapi?

Wengi wetu tunadhani chini ya ardhi kuna pango kubwa au ziwa jeusi, na mchimbaji akilitoboa mafuta yanaruka juu. Hakuna ziwa. Mafuta hukaa ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo vilivyo baina ya chembe na chembe.

Wakazi wa Kitui wanaweza kulielewa jambo hili kuliko sisi wa pwani. Kule mito hukauka miezi mingi ya mwaka, na watu wamejenga mabwawa ya mchanga. Hujengwa ukuta wa zege unaokatiza mto, mafuriko yakija hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga huo. Ukitazama unaona mchanga mkavu. Ukichimba kidogo unapata maji, kwa sababu sehemu kubwa ya mchanga ni nafasi tupu baina ya punje. Chini kuna mwamba mgumu unaozuia maji yasizame, na mbele kuna ukuta unaozuia yasiondoke.

Mtego wa mafuta ni bwawa hilo hilo lililopinduliwa. Maji huvutwa chini, kwa hivyo bwawa lahitaji sakafu. Mafuta na gesi ni mepesi kuliko maji yaliyojaa katika miamba, kwa hivyo hupanda juu, na mtego wake wahitaji paa. Paa lisipokuwepo, yatapanda mpaka juu ya ardhi, yaliwe na vijidudu na kupotea hewani. Hesabu za wataalamu zaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mafuta yaliyowahi kutengenezwa duniani ilipotea kwa njia hiyo.

Mambo matano, likikosekana moja hakuna kitu

La kwanza ni mwamba wa chanzo. Huu ni udongo mweusi wa tope uliojaa mabaki ya viumbe vidogo vya majini, hasa mwani, vilivyokufa na kuzama mahali pasipo na hewa ya kutosha kuviozesha. Tope hilo hufunikwa na tope jingine, karne baada ya karne, likawa jiwe.

La pili ni moto wa kiasi. Kila ukishuka kilomita moja chini ya ardhi, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na kwenye bonde la ufa huongezeka zaidi. Mwamba wa chanzo ukifika kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi, mabaki yale hugeuka mafuta. Ukizidi hapo hutoa gesi, na ukizidi sana hubaki masizi tu. Mwenye kupika wali wa kupalia anajua: makaa machache mno juu ya mfuniko, wali ni mbichi, mengi mno, umeungua. Na ukishaungua haurudi.

La tatu ni mwamba wa ghala, yaani jiwe la mchanga au jiwe la chokaa lenye vitundu vilivyounganika, mahali pa mafuta kuingia na baadaye kutoka.

La nne ni kifuniko. Huwa ni udongo wa mfinyanzi ulioshikana, au chumvi, jiwe ambalo mafuta hayapenyi. Ndiyo kazi ya ule unga tunaozungushia ukingo wa sufuria ya biriani ya dum ili mvuke usitoke.

La tano ni umbo la mtego pamoja na wakati wake. Miamba iwe imepinda kama kuba la msikiti, au imekatwa na ufa hivi kwamba jiwe la mchanga limegotana na udongo wa mfinyanzi, mafuta yakifika hapo yakose njia. Na mtego uwe umekamilika kabla mafuta hayajaanza kusafiri. Ukiumbika baadaye, utakuta wageni wamekwisha kupita.

Bonde la ufa linavyoandaa jungu

Sasa tuje kwenye maneno ya dalali. Kweli, bonde la ufa linaweza kuwa mahali pazuri pa mafuta, na sababu yake inaeleweka. Ganda la dunia likivutwa huku na huku, hupasuka kwa nyufa ndefu, na kipande cha katikati hushuka. Mara nyingi upande mmoja hushuka zaidi kuliko mwingine, kama mlango wa sakafuni uliofunguka bawaba moja. Penye kina kirefu hukusanyika ziwa. Mwani hufa na kuzama kwenye tope la ziwa: hicho ni chanzo. Mito huteremka kutoka mabegani mwa bonde ikileta mchanga pembezoni: hilo ni ghala. Ziwa likipanuka tena, tope lake hufunika mchanga ule: hicho ni kifuniko. Bonde linaendelea kushuka, tabaka zinafikia kina cha kilomita kadhaa, joto la ufa linapika. Na nyufa zenyewe hukata miamba vipande vilivyoinama, kila kipande kikawa mtego.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Lokichar Kusini, Turkana. Mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 na kukuta dalili za mafuta, ikaondoka. Machi 2012 Tullow ikachimba Ngamia-1 kandokando ya ufa mkubwa wa magharibi wa bonde hilo na kupata mafuta. Ni mafuta yenye nta nyingi, yakipoa hugandamana, ndiyo maana malori yaliyokuwa yakiyasafirisha yalihitaji matangi ya kuhifadhi joto. Upande wa magharibi, chini ya Ziwa Albert na kandokando yake, Uganda ilithibitisha mafuta mwaka 2006, na inakadiria kwamba takriban mapipa bilioni 1.4 yanaweza kutolewa.

Lakini bonde la ufa ni refu, na halikuandaa karamu kila mahali. Olkaria, karibu na Naivasha, limejaa volkano, na tunachovuna hapo ni mvuke wa umeme. Magadi tunavuna magadi. Ni ufa ule ule mmoja, lakini kila sehemu ina historia yake ya maziwa, mchanga na moto. Kwa hivyo hata kama shamba lingekuwa katikati ya Bonde la Ufa, hiyo peke yake si hoja. Na Kibwezi haiko ndani ya bonde hilo. Iko mashariki yake, juu ya bega.

Soma mawe ukipanda basi

Nilimwambia mpwa wangu: safari ijayo ya Nairobi usilale, tazama dirishani. Barabara ya Mombasa ni kitabu kilichofunguliwa.

Kisiwani Mombasa tunakanyaga jiwe la matumbawe. Ukipanda Mazeras, unaona mawe ya mchanga yanayokatwa kwa ajili ya kuta na njia za nyumba zetu. Kisha Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru, miamba ya mashapo inayoendelea kuzeeka kadiri unavyokwenda bara. Mashapo ni mchanga na tope vilivyotandikwa na maji. Haya ya kwetu yalijaza nyufa za kale sana, wakati bara kubwa la Gondwana lilipoanza kuvutwa na kupasuka, kabla Madagaska haijajitenga na pwani hii. Kwa maneno mengine, sisi wa pwani tunaishi juu ya bonde la ufa la zamani. Ndiyo sababu watafutaji wa mafuta hawajachoka na Lamu na bahari yake. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa-1 kilikuta gesi, na mwaka 2014 Sunbird-1 kikakuta dalili za mafuta, vyote visitoshe kibiashara. Wenzetu wa Tanzania walibahatika zaidi: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982.

Ukishapita Taru na kuelekea Voi, kitabu kinabadilika. Mashapo yanakwisha na mwamba wa msingi unajitokeza. Ni mawe yenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi, yanayometameta. Mwamba huu ndio unaobeba sehemu kubwa sana ya Kitui na Makueni, na vilima vyake vya mawe matupu vyote ni huo. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 500. Ulizikwa chini sana wakati wa kuundwa milima ya kale, ukaminywa na kupikwa kwa mamia ya nyuzi za joto, mara nyingi zaidi ya lile linalotengeneza mafuta. Kama tope lake la asili lilikuwa na chochote, kiliungua kitambo. Na hauna vitundu vya kuhifadhi. Maji yenyewe hupatikana tu kwenye nyufa na sehemu zilizooza, kama wachimba visima wa kule watakavyokwambia.

Je, zile lava nyeusi za Makueni? Milima ya Chyulu ni volkano changa, na uwanda wa Yatta, unaonyooka kwa karibu kilomita 300, ni mkondo wa lava ya kale. Zote zilimwagika juu ya mwamba ule ule wa msingi. Lava ya Chyulu ina matundu kama sifongo: mvua ikinyesha huzama yote, ikasafiri chini, ikatokea chemchemi ya Mzima. Maji hayo ndiyo tunayoletewa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kwa hivyo Chyulu ni neema kubwa kwetu, lakini kwa habari ya mafuta, jiwe linalopitisha maji namna hiyo halifai kuwa kifuniko, na chini yake hakuna tope la kupikwa.

Mui: bonde lililotunza makaa

Kuna mahali pamoja Kitui pasipofuata maelezo hayo, na haki ni kupataja. Mashariki ya mji wa Kitui, baina ya vilima vya Mutito na vya Nuu, kipande cha ardhi kilishuka na kuacha bonde dogo, la kilomita za mraba 500 hivi. Hilo ni bonde la Mui. Likajaa tope, mchanga na mabaki ya mimea ya vinamasi. Serikali ilichimba visima vya utafiti zaidi ya 70, na zaidi ya nusu vilikuta makaa ya mawe. Eneo moja tu kati ya manne lilikadiriwa kuwa na tani milioni 400.

Kwa nini makaa na si mafuta? Kwanza, malighafi. Miti na majani ya kinamasi hutoa makaa. Mwani wa ziwa lenye kina hutoa mafuta. Pili, moto. Bonde la Mui ni dogo na mashapo yake si mazito kama ya Lokichar, ambako yamerundikana kwa kilomita kadhaa. Tatu, makaa hayahitaji mtego. Ni jiwe, hayasafiri. Yanakaa pale pale yalipozaliwa, hata paa likiwa bovu.

Msomaji wa Lamu analijua jina la Mui. Mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa Kwasasi, wa megawati 1,050, ungeanza na makaa ya kuagizwa ng'ambo na baadaye ulishwe ya Mui. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake baada ya wananchi kupinga. Na kule Mui kwenyewe, mkataba wa kugawana manufaa ulitiwa saini Desemba 2013 na kampuni ya Kichina ya Fenxi. Miaka zaidi ya 10 imepita, mgodi haujafunguliwa. Kwa hivyo hata pale ambapo mali chini ya ardhi imethibitishwa kwa visima, wenye mashamba walingoja na kungoja, wasijue wajenge au wasijenge, wapande miembe au waache. Anayekimbilia kununua kwa video ya kisima afikirie hilo.

Basi ule utando wa rangi ni nini?

Mara nyingi ni kazi ya vijidudu vinavyoishi kwenye maji yenye madini ya chuma. Kipimo chake ni rahisi: chukua kijiti, uguse utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na visirudi kuungana, ni wa vijidudu. Ukizunguka, ukavutika, kisha ukaungana tena, hayo ni mafuta.

Lakini kama ni mafuta, usisherehekee. Makueni ina chanzo cha mafuta kinachojulikana, nacho kimetoka kwetu. Tangu mwaka 1978 bomba la Kenya Pipeline linasukuma petroli na dizeli kutoka Mombasa hadi Nairobi, na njia yake inapita kaunti hiyo. Mwaka 2015 mafuta yalivuja eneo la Thange, Kibwezi, yakaingia mtoni na kwenye udongo. Visima viliharibika, mashamba na mifugo vikaathirika, na watu wakalalamikia maradhi. Mwaka 2019 uvujaji mwingine ukaonekana Kiboko. Wakazi wa Thange walikwenda mahakamani, na baada ya miaka mingi, mwaka 2025, mahakama ikaamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi.

Kwa hivyo kisima chenye mafuta upande wa Kibwezi huenda kisiwe utajiri. Huenda kikawa sumu. Ukikutana nacho, usinywe, usinyweshe mbuzi, usiwashe moto karibu, na umpashe habari chifu na maafisa wa mazingira wa kaunti au wa NEMA. Na anayeuziwa shamba la namna hiyo kwa bei ya juu, kwa hakika anauziwa hasara ya mwenzake.

Na kama yangekuwepo kweli?

Tuseme jiwe limekosea na dalali amepatia. Bado mpwa wangu asingekuwa tajiri wa mafuta. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya inayahesabu madini yote na mafuta yaliyo chini ya ardhi kuwa mali ya umma. Hati miliki inakupa shamba. Haikupi kilicho kilomita 3 chini yake. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa fungu la serikali hivi: asilimia 75 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, na asilimia 5 jamii ya mahali hapo kwa pamoja. Mwenye shamba analipwa fidia ya ardhi anayoipoteza, basi.

Kwa hivyo mtu akikujia na habari za mafuta Kitui, Makueni, au hata hapa Kwale na Kilifi, muulize maswali manne. Je, chini kuna mashapo au mwamba wa msingi, na unene wake ni kiasi gani? Ni kisima gani cha utafiti kilichochimbwa, na kina jina gani? Visima vya mafuta vina majina, havifichiki. Ni kampuni gani yenye leseni ya eneo hilo kutoka kwa wizara? Na mwenye shamba mwenyewe, kama ana uhakika, kwa nini anauza?

Mpwa wangu aliuliza la pili na la tatu. Dalali akasema atarudi na majibu, na simu yake tangu siku ile haishikwi. Alhamdulillahi, pesa bado ziko. Juzi kaniuliza kitu kingine: "Mjomba, kama mafuta hayapo, je, maji yapo?" Nikamwambia hilo ndilo angepaswa kumuuliza mwenye shamba siku ya kwanza. Kitui na Makueni kuna watu wanaolima maembe, ndengu na mbaazi na kuishi vizuri kwa jasho lao, na walioanza kwa kutafuta mchanga unaohifadhi maji. Akitaka kununua kwa nia hiyo, nitapanda naye basi mwenyewe, inshallah.